Masale ya Mdidimo

Mdidimo, Bagamoyo
20 Machi 2023

Mdogo wangu Emmanueli,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tanga, na kama afande anayesoma barua za wafungwa ameifungua kabla yako, naye nampa salamu zake. Sisi huku hatujambo. Tina wangu ameanza mafundisho ya Kipaimara na kila akirudi ana swali jipya la kunishinda. Mdogo wetu Ferdinandi na mkewe Vicky wazima, na shamba lake bado nalilima mimi kama ulivyoniacha. Jirani yetu Mwanamvua anakusalimu sana. Anasema tangu ufungwe hana wa kugombana naye kwenye mfereji wa maji, na ugomvi na mimi haunogi.

Habari njema kwanza. Mkutano mkuu wa kijiji umepitisha mpango wa matumizi ya ardhi. Bonde lote la Mdidimo, kuanzia barabara ya Msata mpaka mtoni, ni la kilimo tu. Hakuna kukata viwanja, hakuna kujenga, hakuna kumuuzia mtu asiyelima. Mimi na Mwanamvua tulikuwa kwenye kamati, tumezunguka nyumba kwa nyumba mpaka visigino vikapasuka. Mikono iliponyooka nililia mbele za watu, mimi ambaye msibani kwa baba sikulia. Nilikuwaza wewe. Ulimvunja dereva wa greda taya kwa mpini wa jembe ili asilifukie bonde, ukafungwa, na sisi tumelifunga bonde kwa kunyoosha mikono tu. Ungesubiri kidogo, Ema.

Sasa habari mbaya, nawe usipige ukuta ngumi. Jumapili iliyofuata, tukiwa misani, watu walikuja shambani na mapanga. Mananasi ya upande wa chini, yaliyokuwa yanakaribia kuiva, wameyakatakata yote. Mikorosho ya baba wameibandua magome kuzunguka shina ili ife polepole. Mbuzi jike mwenye mimba wamempasua tumbo wakamwacha hai, nikammalizia mwenyewe. Na masale ya mpakani, yale baba aliyoyaleta kutoka Rombo yakiwa miche ndani ya kopo la maziwa, wameyang'oa moja moja na kuyarundika juu ya kaburi lake.

Mwanamvua hana misa ya kwenda, alikuwa kwenye mpunga wake. Aliwakimbilia na jembe, mtu mzima yule, na makelele juu. Walimpiga mpini kwenye mkono wa kulia, mfupa ukatoka nje ya ngozi. Nilimkuta amekaa matopeni ameupakata mkono kama mtoto, anatukana matusi ambayo sikujua kwamba watu wa Mji Mkongwe wa Bagamoyo wanayajua.

Polisi wamekuja, wameandika, wameondoka. Waliotuvamia walikuwa wamefunga vitambaa usoni.

Dada yako akupendaye,
Paskalina


Gerezani, Tanga
16 Aprili 2023

Dada Paska,

Shikamoo. Milele amina. Mimi mzima. Tunalima shamba la gereza na nimekuwa mkulima hodari kuliko nilivyokuwa nyumbani, kwa sababu hapa ukipumzika unapigwa. Mpongeze Tina. Mwanamvua mpe pole, mwambie nikitoka nitagombana naye kwenye mfereji mpaka achoke.

Barua yako nimeisoma mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Umeandika kila kitu isipokuwa jina. Walifunga vitambaa usoni, sawa, lakini mtu wa kijiji kimoja unamjua kwa mgongo, unamjua kwa anavyotembea. Mwanamvua alisogea mpaka akavunjwa mkono. Hakumjua hata mmoja?

Halafu masale. Dada, watu wa huku pwani mpaka wao ni minyaa au mnazi. Isale kwao ni ua tu, wanalipanda kwenye ndoo mbele ya nyumba. Nani huko Mdidimo anajua kwamba kwetu Wachaga isale ndilo mpaka wenyewe, na kuling'oa ni kumtukana aliyelipanda? Na nani angefikiri kuyapeleka juu ya kaburi la baba? Aliyefanya vile alitutukana kwa lugha ya nyumbani.

Nitajie huyo mtu. Dereva wa greda nilimwonea, alikuwa ametumwa tu, na nasikia mpaka leo anakunywa uji kwa mrija. Safari hii sitaki kukosea mtu.

Mdogo wako,
Emmanueli


Mdidimo, Bagamoyo
25 Juni 2023

Mdogo wangu Emmanueli,

Tumsifu Yesu Kristo. Niwie radhi kwa kuchelewa, nilikuwa na mavuno na mambo mengine. Tina amepata Kipaimara, kavaa viatu vya kuazima vilivyomzidi, akawa anatembea altareni kama bata. Ulikosa kucheka. Mkono wa Mwanamvua umeunga ukiwa umepinda, naye anasema sasa unafaa kukunia nazi bila kuinama. Ferdinandi mzima.

Masale nimeyapanda tena. Nilikata vile vipande vilivyokauka nikavichomeka tu ardhini, na sasa vinachipua mpaka wote. Mmea ule hauna akili ya kufa. Mikorosho ndiyo imekufa.

Mwezi uliopita tuliamka tukakuta bikoni za zege, zile za mipaka ya viwanja, zimechimbiwa kipande cha chini, katikati ya mpunga, kama makaburi ya watoto. Msabaha, yule dalali wa viwanja, alikuja na wateja wake kutoka Dar, wamevaa viatu vyeupe. Kamati ikashuka kuzing'oa, na kijiji kikashuka nyuma ya kamati. Msabaha alikuwa na vijana wake. Walianza wao kwa mawe, sisi tukajibu kwa majembe. Kijana mmoja wa Msabaha alipigwa bapa la jembe usoni, sikio likabaki linaning'inia. Mtoto wa jirani yetu Abuu alichanwa paja. Gari la wateja lilipigwa kiberiti. Ningeweza kuzuia, maana vijana wananisikia. Sikuzuia. Nilisimama nikaangalia matairi yakipasuka moja baada ya jingine, na moyo wangu ulifurahi, Ema, ulifurahi kabisa. Nimekwenda kuungama na padri kanipa rozari nzima, na bado nikikumbuka nafurahi.

Siku hiyo nilipoteza meno mawili ya mbele. Niliteleza kwenye mfereji.

Uliniuliza jina. Sina jina la kukupa. Kula vizuri, fanya kazi, usijibizane na askari. Ukitoka tutaongea.

Dada yako,
Paskalina


Gerezani, Tanga
30 Julai 2023

Dada Paska,

Shikamoo. Mimi mzima. Nimefurahi kusikia habari za Tina na viatu vyake.

Dada, kwenye mfereji ule umepita tangu ukiwa mtoto, na ndoo kichwani na mdogo wako mgongoni. Hujateleza hata siku moja.

Ameletwa mfungwa mpya hapa, alikuwa utingo wa lori pale Chalinze. Anasema ndiye aliyepakia zile bikoni, akazishusha Mdidimo, akapokewa na Msabaha pamoja na mwenye shamba. Nikamuuliza mwenye shamba yukoje. Akaniambia, "Mchaga mmoja mfupi, ana mwanya, anacheka kabla hujamaliza kusema."

Katika barua yako ya kwanza Ferdinandi umemtaja pamoja na mkewe. Katika ya pili umemwandikia maneno mawili. Nilipaswa kujua hapo hapo.

Baba alimwachia nyumba na bonde kwa sababu ni kitinda mimba, kama ilivyo desturi yetu. Alimwachia alinde kaburi lake. Mimi na wewe hatukupinga, tulisema ndivyo ilivyo. Kumbe tulimpa akauze. Ndiye aliyewaonyesha masale, au aliyang'oa kwa mikono yake? Ndiye aliyesimama na kutazama Mwanamvua anavunjwa, aliyemnyonyesha yeye mama yetu alipougua? Na ndiye aliyekutoa meno? Nijibu ndiyo au hapana, usinizungushe.

Nimepunguziwa kifungo kwa kazi nzuri. Natoka tarehe ishirini na nne Novemba. Afande, kama unasoma, haya ni mambo ya familia.

Emmanueli


Mdidimo, Bagamoyo
17 Septemba 2023

Mdogo wangu Emmanueli,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wazima, mvua za vuli tunazisubiri, Tina anakusalimu.

Ndiyo.

Ndiyo kwa yote uliyouliza. Mwanamvua alimtambua siku ile ile kwa mwendo wake, akaniomba nisikuandikie, maana anakujua wewe kuliko unavyojijua. Sasa umeshajua, basi usikie yote, si nusu.

Siku ya bikoni Ferdinandi alikuwa amekaa juu ya mojawapo, hataki tuing'oe. Akaniuliza, "Dada, shamba hili la nani?"

Nikamwambia, "Lako, ulime."

"Nilime tu? Ng'ambo ya barabara Abuu kauza kipande, kajenga, ana bodaboda mbili. Ninyi mmekaa chini ya turubai mkaninyooshea mikono nife na jembe. Kura mmepiga juu ya mali yangu, kwa nini hamkupiga juu ya mali yenu? Wewe una mume mwenye mshahara wa ualimu. Ema yuko jela analishwa. Mimi nina bonde ambalo siwezi hata kuliwekea choo cha matofali. Hiyo mali gani?"

Nilikuwa na hasira ya mbuzi, hasira ya mkono wa Mwanamvua. Nilimwambia mbele ya watu kwamba baba angejua, angemwachia mbwa bonde hili. Ndipo akanipiga. Ngumi moja. Nilianguka mdomo ukiwa kwenye zege, na yeye mwenyewe ndiye aliyeniinua, akaninawisha damu kwa maji ya mfereji huku analia na kunitukana. Ndivyo alivyo, unamjua. Alilia hivyo hivyo alipomvunja mguu yule kuku akiwa mdogo.

Na nikuambie jambo ambalo kwenye kamati siwezi kulisema. Kuna saa namwona ana haki. Sheria tuliyoipitisha ni nzuri kwa bonde, ni nzuri kwa mpunga, ni nzuri kwa watakaokuja. Kwake yeye ni kamba. Sisi tuliifunga na hatukumuuliza inambana wapi. Hayo hayamtoi kwenye dhambi ya mbuzi, wala ya Mwanamvua. Lakini mtu hauawi kwa hayo, Ema. Najua unachowaza. Nimekulea.

Ndani ya bahasha nimekuwekea jani la isale, nimelifunga fundo. Unakumbuka baba mdogo alipochoma ghala la baba kule Rombo, kisha akasafiri mpaka huku kuomba radhi? Baba alikuwa ameshika panga. Baba mdogo alinyoosha tu jani la isale lenye fundo. Baba alilipokea, akaweka panga chini, akamkaribisha pombe. Baadaye alituambia, "Isale likishafika mkononi mwako, huna ruhusa tena." Tuliona wote watatu kwa macho yetu, Ferdinandi nimempakata.

Basi hili nimelifunga kwa ajili yake. Lipokee.

Dada yako,
Paskalina


Gerezani, Tanga
22 Oktoba 2023

Dada Paska,

Shikamoo. Mimi mzima. Barua yako imenifikia ikiwa imefunguliwa kama kawaida.

Jani halimo. Nilimuuliza afande wa barua. Akasema ndiyo, kulikuwa na majani fulani, hajui ni dawa ya kienyeji au ni bangi ya huko kwenu, akayatupa jalalani kama sheria inavyotaka. Nilimwomba tukalitafute. Alinicheka.

Kwa hiyo mimi sijapokea isale la mtu yeyote.

Usiniandikie tena, barua haitanikuta. Nitashuka Msata na kuja kwa miguu kwa njia ya shambani. Nataka nipite mpakani kwanza, nione.

Emmanueli


Mdidimo, Bagamoyo
14 Januari 2024

Emmanueli,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimeandika salamu kwa mazoea, nikaona niiache. Tina haongei vizuri tangu siku ile, anaitikia kwa kichwa. Vicky amerudishwa kwao na ndugu zake. Mwanamvua hajambo, anakaa kwangu, hatupiki sana.

Mahabusu mliko naambiwa barua zinafika, kwa hiyo naandika.

Niliposoma kwamba jani lilitupwa, nilikwenda kwa Ferdinandi na barua yako mkononi. Nilimwambia akimbie, aende Mlingotini kwa rafiki yake avue samaki mpaka upoe. Akakataa. Akasema, "Kama la kwenye bahasha halikufika, nitampelekea mwenyewe." Alikuwa amesharudisha hela za Msabaha, Ema, hilo hukulijua. Alikuwa ameogopa, ndiyo, lakini pia alikuwa amechoka kutukwepa mimi na Mwanamvua njiani.

Asubuhi ya siku ile alikwenda mpakani akachuma isale, yale yale yaliyochipua kutoka kwenye vipande alivyoving'oa. Yapo wapi mengine? Desturi ya kufunga fundo alikuwa ameisahau, ikabidi nimfungie mimi. Tulikuona unakuja kwa njia ya shambani, juu ya mfereji, jua likiwa kali. Ulikuwa na nanasi la Msata mkono mmoja na panga mkono mwingine. Nilisema moyoni, amenunua panga la kumenyea.

Aliondoka akaja kwako amelinyoosha kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa sadaka. Nilikuwa nyuma yake. Ulitupa nanasi. Ulimkata shingoni, na alipopiga magoti ulimkata tena, na alipolala ulimkata tena na tena, mpaka nikaona mfupa, mpaka nilipokurukia mgongoni nawe ukanitupa kwenye mpunga kama gunia. Maji ya mfereji yalikuwa mekundu mpaka kwa Mwanamvua. Mwanamvua alishuka na mkono wake uliopinda, akamfunika Ferdinandi na kanga yake, akakutazama. Hakutukana.

Tulimzika kando ya baba. Vidole havikufunguka, amezikwa na jani lake.

Habari za bonde. Msabaha alikuja mwenyewe na lori akabeba bikoni zake, wala sisi hatukumfukuza. Wateja wa Dar hawataki kusikia jina la Mdidimo. Nani atalaza wanawe mahali ndugu alipomchinja ndugu? Na karatasi ya mpango imerudi kutoka juu ikiwa imesainiwa na kupigwa muhuri. Imebandikwa kwenye ofisi ya kijiji, bonde lote ni la kilimo tu. Hakuna aliyekwenda kuisoma. Mpunga umeota wenyewe kwa mbegu zilizodondoka, mimi sijashika jembe, na nafikiri sitashika. Nililipigania bonde hili mpaka nikapoteza meno, na sasa nikilipita nageuza uso.

Nasikia umewaambia polisi kwamba ulimwona ameshika isale, ukadhani ameling'oa mpaka wa baba kwa mara ya pili, hasira ikakupanda. Wamekubali. Hata watu wa kijijini wanasema, maskini, alikosea. Mimi nataka kukubali kuliko wote. Nataka kukupikia na kukuletea chakula huko nikiwa nimekubali. Lakini fundo nililifunga mwenyewe, kubwa, na jua lilikuwa kali.

Niambie, Ema. Uliliona fundo?

Paskalina


Mahabusu
11 Februari 2024

Dada Paska,

Shikamoo.

Mwambie Tina namwombea. Mwanamvua usimwambie kitu kutoka kwangu.

Kwa polisi nimesema nilivyosema, na mahakamani nitasema hivyo hivyo. Wewe nitakuambia ukweli kwa sababu umeuliza mara moja tu, na barua hii haipiti kwa afande, anaitoa mwenzangu anayeachiwa leo.

Nililiona fundo akiwa bado mbali, kabla sijavuka mfereji. Nilijua ni wewe uliyelifunga, kwa sababu unafunga kwa kushoto kama mama. Ferdinandi alikuwa anacheka ule mcheko wake, na mikono ameitanguliza. Nilijua kwamba akinifikia, likigusa mkono wangu, nitaweka panga chini kama baba, na tutakaa chini tule lile nanasi.

Ndiyo maana nilitupa nanasi nikakimbia. Nilitaka nimfikie kabla halijanifikia.

Emmanueli